Waliohukumiwa Arusha, na wasiofikishwa

*Mahakama ya Rwanda ilifunga milango mwaka 2015 huku ikilaumiwa kwa ughali, kwa mwendo wa kinyonga na kwa kuwaachia huru washtakiwa 14. Kasoro yake kubwa, hata hivyo, imo katika mashauri ambayo haikuyafungua kabisa.*

Mwanzoni mwa mwaka 1997, ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Arusha, mwanamke mmoja alikaa kwenye kiti cha mashahidi akitambulishwa kwa herufi moja tu: J. Alikuwa ametoka Taba, katikati ya Rwanda, kuja kutoa ushahidi dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa eneo hilo mwaka 1994. Katikati ya maelezo yake akasema kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na wanamgambo watatu wa Interahamwe. Majaji wakamdadisi zaidi, naye akaongeza kwamba alisikia wasichana wengine walibakwa kwenye ofisi ya meya. Hati ya mashtaka iliyokuwa mezani siku hiyo haikuwa na shtaka hata moja la ubakaji.

Baada yake akaja shahidi H, aliyesimulia jinsi alivyobakwa yeye mwenyewe ndani ya shamba la mtama, na jinsi alivyoshuhudia wanawake wengine wa Kitutsi wakibakwa nje kidogo ya ua wa ofisi ile ile. Mwezi Juni mwaka huo hati ya mashtaka ikafanyiwa marekebisho. Tarehe 2 Septemba 1998, majaji Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini wakasoma hukumu. Karibu nusu karne ilikuwa imepita tangu mataifa yatie saini mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari, na hakuna mahakama yoyote ya kimataifa iliyokuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Akayesu alikuwa wa kwanza. Hukumu hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kutamka kwamba ubakaji, ukitendwa kwa nia ya kuliangamiza kundi la watu, ni kitendo cha kimbari sawa na kuua kwa panga.

Ni vyema kuanzia hapo, kwa sababu mjadala kuhusu Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ICTR, huanzia kwenye bajeti na kuishia kwenye bajeti. Hoja ya makala hii ni tofauti. Mahakama ya Arusha ilistahili heshima yake pale ilipokubali kusikiliza kila kitu kilichofika mbele yake, pamoja na yale yaliyowaudhi waathirika, serikali ya Kigali na wafadhili. Ilipoteza sehemu ya heshima hiyo pale ilipochagua kutosikiliza.

Kura ya hapana kutoka Kigali

Mahakama hii ilizaliwa katikati ya ugomvi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio 955 tarehe 8 Novemba 1994, miezi michache baada ya siku takriban 100 za mauaji yaliyoanza pale ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilipotunguliwa ikikaribia kutua Kigali usiku wa Aprili 6. Nchi 13 ziliunga mkono. China ilijizuia kupiga kura. Moja tu ilipinga, nayo ilikuwa Rwanda yenyewe, ambayo mwaka ule ilikuwa na kiti barazani. Serikali mpya iliyoongozwa na waliokuwa waasi wa RPF ndiyo iliyoomba mahakama iundwe, kisha ikaipinga ilipoona sura yake: haikuwa na adhabu ya kifo, ilibanwa kwenye matukio ya mwaka 1994 pekee ilhali sumu ilianza kuandaliwa kabla, na hakukuwa na hakika kwamba ingekaa Rwanda.

Pingamizi hizo hazikuwa za kupuuzwa. Aprili 1998 Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 waliohukumiwa na mahakama zake za ndani. Zaidi ya miezi minne baadaye, Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji yenyewe, alipewa kifungo cha maisha Arusha, na baadaye akapelekwa kukitumikia Mali. Aliyetumwa akafa, aliyetuma akaishi. Mtu aliyepoteza ukoo mzima ana haki ya kuuliza hiyo ni haki ya namna gani. Jibu lililopo ni dogo, lakini ni la kweli: chombo cha Umoja wa Mataifa kisingeweza kuua kwa jina la mataifa ambayo mengi yalikuwa yamekwisha kuifuta adhabu hiyo, na nchi nyingi walikojificha wakubwa hao zisingewakabidhi kwa mnyongaji.

Februari 1995 Baraza likaichagua Arusha. Mji huo ulikuwa na deni lake katika habari hii. Agosti 1993 ndimo ulimosainiwa mkataba wa amani kati ya serikali ya Habyarimana na RPF, mkataba ambao wenye msimamo mkali Kigali waliuona kuwa ni kunyang'anywa nchi mchana kweupe. Majengo yenyewe yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile iliyosambaratika mwaka 1977. Watuhumiwa wakawekwa katika kizuizi cha Umoja wa Mataifa ndani ya eneo la gereza la Kisongo, nje kidogo ya mji.

Tanzania haikuwa mwenyeji wa kukodisha vyumba tu. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, na miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo waliokimbia mapanga na walioyashika. Meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, aliyeongoza mauaji ya waliojihifadhi kanisani Nyarubuye, alikamatwa mwaka 2001 kwenye kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Kwa muda wote huo alikuwa ameishi kati ya watu waliokuwa wakipewa msaada kama wahanga.

> Hakuna mahakama ya kimataifa iliyokuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Akayesu alikuwa wa kwanza, na aliyepindua kesi yake ni shahidi aliyeitwa kuzungumzia mambo mengine.

Yaliyosemwa Arusha kwanza

Historia ya haki ya kimataifa, jinsi inavyofundishwa vyuoni, ina njia moja iliyozoeleka: inatoka Nuremberg mwaka 1945, inaruka miaka ya vita baridi, inatua The Hague. Arusha hutajwa njiani, kama kituo kidogo cha kubadilishia gari. Ukiisoma sheria yenyewe, mpangilio huo hausimami. Majaji wa Nuremberg walitoka mataifa manne yaliyoshinda vita. Waliwahukumu watu 22, wakawaachia 3 na kuwapa 12 adhabu ya kifo. Kosa la kimbari lilitajwa katika hati ya mashtaka, lakini hukumu haikulitumia. Mkataba ulioiunda mahakama hiyo haukutaja ubakaji. Hata mahakama dada ya Yugoslavia ya zamani, iliyoanzishwa mwaka mmoja na nusu kabla ya ile ya Rwanda, ilisubiri hadi 2001 kumtia mtu hatiani kwa kimbari, katika kesi ya Srebrenica. Wakati huo Arusha ilikuwa imekwisha kuandika namna nia ya kuangamiza kundi inavyothibitishwa: kwa kuangalia nani alichaguliwa kufa, kwa utaratibu gani, na viongozi walisema nini mbele ya umati.

Kambanda alikamatwa Nairobi Julai 1997, akakiri makosa Mei 1998, na kuwa mkuu wa kwanza wa serikali kuhukumiwa kwa kimbari. Baadaye alijaribu kuirudisha kauli yake, na rufaa ikagonga mwamba. Uzito wa jambo hili hauko kwenye cheo peke yake. Mtu aliyeongoza vikao vya baraza la mawaziri alikubali kwa kinywa chake kwamba serikali ilijua, ilipanga na ilisambaza silaha. Baada ya hapo, hadithi ya kwamba watu walipandwa na hasira za kikabila wakauana wenyewe kwa wenyewe ilibaki bila mguu wa kusimamia.

Kisha ikaja kesi ya vyombo vya habari, ambayo kila chumba cha habari cha Afrika Mashariki kingepaswa kuijua kwa moyo. Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza walihusika kuanzisha redio RTLM, iliyoingia hewani Julai 1993. Hassan Ngeze alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura. Desemba 2003 wote watatu walipatikana na hatia. Mwaka 2007 majaji wa rufaa wakayapunguza makosa na vifungo: miaka 30, 32 na 35. Wengi walilichukua hilo kuwa udhaifu. Lakini tazama walichokifanya: walitenganisha maneno ya chuki, ambayo ni maovu, na uchochezi wa moja kwa moja wa kuua, ambao ndio kosa lililoandikwa kwenye mkataba, na wakakataa kumhukumu mtu kwa makala na matangazo ya kabla ya Januari 1994, kwa kuwa mamlaka yao hayakufika huko. Serikali nyingi za ukanda huu zinapenda sana kuwafunga waandishi kwa jina la uchochezi. Zingeisoma hukumu ya rufaa ile, zisingeifurahia.

Mfano mwingine unakaribia zaidi maisha ya watu wa kawaida, nao ni wa Simon Bikindi, mwanamuziki aliyependwa sana Rwanda. Mwendesha mashtaka alitaka nyimbo zake zihesabiwe kuwa silaha. Mwaka 2008 majaji walikubali kwamba nyimbo hizo zilitumika kueneza chuki, lakini zilitungwa kabla ya mwaka 1994, na ushahidi haukutosha kumfunga kwa ajili yake. Walichomfunga nacho, kwa miaka 15, ni kipaza sauti: mwishoni mwa Juni 1994, akiwa kwenye msafara wa Interahamwe, aliwahimiza watu barabarani wawaangamize Watutsi.

Mchango mwingine wa Arusha hauonekani kwenye majalada bali kwenye watu. Pillay alikwenda kuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, kisha Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Solomy Bossa wa Uganda naye akaenda ICC. Fatou Bensouda, aliyekuja kuwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama hiyo, alifanya kazi Arusha kwanza. Mohamed Chande Othman aliongoza mashtaka ICTR kabla ya kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Na mwaka 2019, nchi ndogo ya Gambia iliposhangaza dunia kwa kuishitaki Myanmar katika Mahakama ya Haki ya Kimataifa kwa mateso ya Warohingya, aliyekuwa nyuma ya hatua hiyo ni waziri wake wa sheria, Abubacarr Tambadou, mwanasheria aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya mwendesha mashtaka, Arusha.

Ghali, nzito, mbali

Lawama ya kwanza ni ya fedha na muda, na wanaoitoa wana takwimu mkononi. Inakadiriwa mahakama ilitumia dola bilioni 2 hivi za Marekani kuwashtaki watu 93. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya dola milioni 20 kwa kila mshtakiwa. Katika kipindi kinachokaribiana na hicho, mahakama za kijadi za gacaca nchini Rwanda, zipatazo 12,000, zilimaliza takriban kesi milioni 2 kabla ya kufungwa Juni 2012, wanakijiji wakiwa ndio mahakimu. Kesi moja ya Arusha, ile ya Butare, iliyomhusu waziri wa zamani wa familia na wanawake, Pauline Nyiramasuhuko, ilianza kusikilizwa mwaka 2001 ikahukumiwa 2011, na rufaa ikaisha Desemba 2015. Mama huyo alikamatwa mwaka 1997. Shahidi aliyekuwa kijana wakati huo alikuwa mzee wa makamo siku ya neno la mwisho.

Kwa ucheleweshaji hakuna utetezi, na majaji wa rufaa wenyewe waliliona hilo: katika kumpunguzia Nyiramasuhuko kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 47, walizingatia pia kwamba haki yake ya kusikilizwa kwa wakati ilivunjwa. Lakini ulinganisho na gacaca unachanganya kazi mbili. Gacaca ilishughulika na waliokuwapo kijijini. Kambanda hakuwa kijijini, wala Kanali Théoneste Bagosora aliyekamatwa Kamerun, wala Georges Ruggiu, Mbelgiji aliyetangaza RTLM na kunaswa Mombasa. Nchi hizo zilikabidhi watu kwa sababu Baraza la Usalama liliagiza. Kuna jambo jingine lisilopigiwa hesabu kwenye dola zile. Rwanda ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2007, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kutaka kukabidhiwa mashauri na Arusha. Mwaka 2012 Mchungaji Jean Uwinkindi akawa wa kwanza kurudishwa Kigali kushtakiwa. Mahakama iliyodharauliwa kwa kuwa mbali ilibadili sheria ya jinai ya nchi nzima ikiwa huko huko mbali.

> Nafuu ya gacaca ilikuwa na bei yake: mshtakiwa hakuwa na wakili, na makosa ya askari wa RPF hayakuruhusiwa kufika mbele ya wanakijiji.

Shtaka lililomponyoka mwendesha mashtaka

Lawama ya pili inauma zaidi. Washtakiwa 14 waliachiwa huru. Bagosora, aliyehesabiwa kuwa mbunifu mkuu, alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2008 kwa kimbari, lakini shtaka la kula njama ya kimbari kabla ya Aprili 1994 lilimponyoka mwendesha mashtaka, na mwaka 2011 rufaa ikamshusha hadi miaka 35. Alifia Mali mwaka 2021. Wanaokana mauaji ya kimbari walilidaka shtaka hilo kwa mikono miwili: mnaona, wakasema, hata mahakama yenu imekubali hakukuwa na mpango.

Mahakama haikusema hivyo. Ilisema kwamba orodha za maadui, silaha zilizogawiwa na vijana waliofunzwa vinaendana na mpango wa kimbari, ila vinaweza pia kuelezwa kama maandalizi ya vita na RPF, na kwamba pale ushahidi unapokubali maelezo mawili, sheria ya jinai humpa mshtakiwa yale yaliyo mepesi kwake. Ni kipimo cha kumfunga mtu mmoja. Si kipimo cha mwanahistoria. Alison Des Forges, mtafiti aliyetoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi kadhaa za Arusha na aliyeandika moja ya tafiti nene kuliko zote kuhusu mauaji hayo, alifanya kazi nyingine kabisa: kuunganisha maelfu ya vipande ambavyo kila kimoja, peke yake, kisingeweza kumfunga mtu. Anayeitaka mahakama iandike historia nzima ataishia kupata historia yenye mapengo, kwa kuwa jaji haruhusiwi kuziba pengo kwa jambo linaloelekea tu kuwa kweli.

Na ni mahakama hiyo hiyo ambayo Juni 2006, katika kesi ya Karemera na wenzake, ilitamka kupitia majaji wa rufaa kwamba kutokea kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana wazi, lisilohitaji tena kuthibitishwa wala lisiloruhusiwa kubishiwa mbele yake. Tamko hilo lina nguvu kwa sababu limetoka kwenye chombo kilichothubutu kuachia watu. Lingetoka kwa mahakama iliyomfunga kila aliyeletwa, lingekuwa na uzito gani nje ya Kigali?

Faili zilizorudishwa

Hapa ndipo hoja inapogeuka dhidi ya Arusha. Kifungu cha kwanza cha sheria yake kiliipa mamlaka juu ya wote waliotenda kimbari na ukiukaji mwingine mkubwa wa sheria ya kibinadamu nchini Rwanda mwaka 1994. Wote. Tume ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa, mwaka huo huo, iliripoti kwamba askari wa RPF nao walifanya uhalifu mkubwa dhidi ya ubinadamu. Hata hivyo, katika watu 93 walioshtakiwa, hakuna hata mmoja wa RPF.

Carla Del Ponte, mwendesha mashtaka wa mahakama zote mbili, ya Rwanda na ya Yugoslavia, alitangaza mwishoni mwa mwaka 2000 kwamba anachunguza pande zote. Mwaka 2002 serikali ya Rwanda iliweka masharti mapya ya safari, mashahidi wakashindwa kufika Arusha na baadhi ya kesi zikasimama. Agosti 2003 Baraza la Usalama liligawa kazi yake: akaachiwa Yugoslavia, Rwanda akapewa Hassan Bubacar Jallow wa Gambia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuharakisha mashauri. Del Ponte mwenyewe amesema kilichomwondoa ni uchunguzi huo. Si lazima kuamini kila neno lake ili kuona kilichofuata. Mwaka 2008 Jallow alikabidhi kwa Rwanda faili la mauaji ya Juni 1994 karibu na Kabgayi, ambako Askofu Mkuu wa Kigali, maaskofu wawili na mapadri kadhaa waliuawa na askari wa RPF. Mahakama ya kijeshi iliwashtaki maofisa wanne. Wawili walikiri na kupewa miaka 8, iliyopunguzwa kuwa 5 kwenye rufaa. Wakubwa wao wawili waliachiwa. Jallow aliridhika.

Pingamizi dhidi ya kusema haya ni nzito, na haitokani na propaganda tupu. Kuna watu, wengine wakiwa na damu mikononi, wanaoeneza hadithi ya kimbari mbili ili ile moja ionekane kama ajali ya vita. Kila anayetaja uhalifu wa RPF anahofia kuwapa kuni. Lakini tume ile ile iliyoandika juu ya uhalifu wa RPF iliandika pia kwamba haikuona ushahidi wa nia ya kuliangamiza kabila la Wahutu. Tofauti hiyo ndiyo ambayo mahakama huru ingeiweka bayana, kwa ushahidi, kwa mahojiano makali, kwa hukumu yenye tarehe. Kesi nne au tano dhidi ya maofisa wa RPF kwa makosa ya kivita, zikisikilizwa Arusha na majaji wale wale waliomfunga Kambanda, zingeonyesha ukubwa wa uhalifu huo na mipaka yake. Kwa kutozifungua, ICTR iliwaachia wakanushaji uwanja mtupu wa kujaza watakavyo. Kosa ambalo halijapimwa mahakamani linaweza kuitwa jina lolote.

Wapo wanaosema mahakama isiyo na polisi wake, inayotegemea Kigali kwa mashahidi karibu wote, haikuwa na hiari: ama iendeshe kesi nyingi za upande mmoja, ama isiendeshe hata moja. Ni hoja ya watu walioona mambo kwa karibu, na huenda ni kweli. Ila hiyo inahamisha lawama, haiifuti. Waliokuwa na uwezo wa kuibana Rwanda kuhusu mashahidi walikaa New York, na hawakuutumia.

> Katika watu 93 walioshtakiwa Arusha, hakuna hata mmoja wa RPF.

Huru, bila pa kwenda

Hesabu nyingine ambayo haijafungwa ni ya watu wachache mno, na pengine ndiyo maana haizungumzwi. André Ntagerura, waziri wa zamani wa uchukuzi, alikamatwa Kamerun mwaka 1996, akaachiwa huru na Arusha mwaka 2004, na rufaa ikathibitisha mwaka 2006. Protais Zigiranyirazo, shemeji yake Habyarimana, alihukumiwa miaka 20, kisha mwaka 2009 majaji wa rufaa wakaifuta hukumu hiyo kwa sababu ushahidi wake wa kuwa mahali pengine ulipimwa vibaya. Wenyewe walisema hawawezi kurudi Rwanda kwa usalama. Nchi nyingine hazikuwataka. Wakabaki katika nyumba ya Umoja wa Mataifa, Arusha, mwaka baada ya mwaka, pamoja na wengine waliokwisha kumaliza vifungo. Desemba 2021 wanane kati yao walihamishiwa Niger kwa makubaliano rasmi. Kabla mwezi haujaisha, Niger iliamuru waondoke kwa sababu za kidiplomasia.

Ni rahisi kutowahurumia, kwa vyeo walivyokuwa navyo. Lakini kama kuachiwa huru hakumpi mtu hata haki ya kupanga chumba katika mji anaoutaka, basi uamuzi wa majaji umegeuzwa kuwa ushauri tu, na mataifa yaliyoiunda mahakama ndiyo yaliyougeuza. Mataifa hayo hayo yalichukua miaka 26 kumkamata Félicien Kabuga, mfadhili wa RTLM, aliyepatikana karibu na Paris Mei 2020 akiwa kikongwe. Alipofikishwa The Hague, majaji walimwona hana tena uwezo wa akili wa kufuata kesi, na mwaka 2023 ikasimamishwa bila kikomo.

Kinga inayosubiri saini

Kazi iliyobaki iko Lakilaki, nje ya Arusha, katika majengo yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya taasisi ya Umoja wa Mataifa iliyoachiwa viporo vya mahakama za Rwanda na Yugoslavia. Huko ndiko yaliko majalada: ushahidi wa zaidi ya watu 3,000, kanda za RTLM, hukumu zilizoandikwa Kiingereza na Kifaransa. Mkazi wa Ngara au Kigoma, aliyeishi na wakimbizi wale na aliyewaona baadhi ya watuhumiwa kwa macho, ana haki ya kuzisoma kwa Kiswahili. Hilo ni jambo la bajeti ndogo, na halihitaji azimio la Baraza la Usalama.

Jambo kubwa zaidi limo katika mji huo huo, kwa taasisi nyingine. Juni 2014, mjini Malabo, viongozi wa Umoja wa Afrika walipitisha itifaki ya kuipa mahakama ya bara hili, ambayo makao yake ya sasa ni Arusha, uwezo wa kusikiliza makosa ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita. Walioisukuma walikuwa na malalamiko ya haki dhidi ya ICC, ambayo kwa miaka yake ya mwanzo ilishtaki Waafrika pekee, na iliyokuwa wakati huo ikipambana na viongozi wa Kenya katika kesi ambazo baadaye zilisambaratika. Lakini ndani ya itifaki hiyo kuna kifungu kinachomkinga mkuu wa nchi aliyeko madarakani, pamoja na maofisa wakuu wengine, wasishtakiwe wakiwa bado kwenye vyeo vyao. Sheria ya ICTR, katika kifungu chake cha 6, ilisema kinyume: cheo hakimwondolei mtu hatia, awe mkuu wa nchi au wa serikali. Kwa kifungu cha Malabo, Kambanda angekuwa salama siku zote ambazo mauaji yalikuwa yakiendelea, na angekuwa na kila sababu ya kutoachia kiti. Itifaki inahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kutumika, na bado haijafikisha idadi hiyo. Mabunge ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa mwenyeji, yana nafasi ya kudai kifungu hicho kiondolewe kabla ya kuridhia.